Ikivunde, ndagala na neva za miguu

Muhogo si mzawa wa ufuko wa Ziwa Tanganyika. Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika Kusini, ukapenya bara taratibu, na Wabelgiji walipotawala Burundi wakalazimisha ulimwe kama akiba ya njaa. Amri ile ilihusu shamba. Jikoni kuliachiwa akina mama, na kwa maoni yangu kazi nzito ilikuwa huko. Mizizi humenywa, ikazamishwa majini siku tatu hadi tano, mpaka ukiibonyeza inabonyea na harufu ya uchachu inakupanda puani. Hutolewa nyuzi, ikaanikwa juani. Hiyo ndiyo ikivunde. Wakati wa kuvunda, vimeng'enya vya muhogo wenyewe huvunja linamarini inayobeba sianidi, na sianidi nyingi hupotelea majini na hewani.

Sianidi inayobaki na kuliwa huzuia seli kutumia oksijeni. Mwili huigeuza kuwa thaiosianati itoke kwa mkojo, ila kazi hiyo hudai salfa, na salfa hutoka kwenye protini. Hapo ndipo wanapoingia ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao wavuvi wa Rumonge na majirani zao waliwavuta kwa moto wa kuni usiku wa giza na kuwachota kwa wavu wa lusenga, muda mrefu kabla ya karabai. Bugali wa ikivunde kwa ndagala, basi, haukuwa ladha tu, ulikuwa kinga. Palipokosekana protini, neva zililipa: Nigeria, katika miaka ya 1960, daktari Osuntokun alieleza wala muhogo waliokufa ganzi miguuni na kuyumba wakitembea. Konzo, ugonjwa wa miguu alioueleza daktari Trolli huko Kwango, Kongo, mwaka 1938, ni ndugu wa ugonjwa huo, ingawa yenyewe hushambulia njia za fahamu za juu, si neva za miguuni zenyewe.

Atatokea wa kuuliza: mbona wilaya ya Tarime, Tanzania, ambayo zama hizo ilifika Ziwa Victoria kwenye dagaa tele, ilipata konzo mwaka 1985? Kwa sababu samaki wa ziwani si lazima awe samaki wa sahanini, na ukame uliwafanya watu wafupishe utayarishaji. Kivu Kusini, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, madaktari waliripoti konzo mwaka 2011 katika eneo lililochakazwa na vita. Wengine husema dawa ni kupanda muhogo mtamu. Unasaidia, lakini mchungu huvumilia zaidi wadudu na wezi, na mwaka wa ukame sianidi hupanda hata katika ule mtamu.