Mlambalasi: Mwamba wenye makaburi ya zama mbili

MSAFIRI anayetoka Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, na ambaye angependa kuona mahali walipozikwa watu wa Zama za Mawe, hana budi kulipa kisogo bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga. Atashika barabara kuu ya Tanzania na Zambia kupitia Igawa, Makambako na Mafinga hadi Iringa, kisha ataiacha barabara hiyo na kufuata njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kiasi cha kilometa 50 kutoka mjini Iringa ndipo ulipo mwamba wa Mlambalasi.

Wengi huuita pango, ingawa si pango la kuingia gizani kwa tochi. Ni kilima cha mawe makubwa ya granaiti yaliyoegemeana, na chini yake pana nafasi iliyofunikwa, ambamo mtu anaweza kujikinga na mvua na jua huku akitazama bonde lililo mbele yake. Kwa maelfu ya miaka watu wamekuja hapo kwa sababu hiyohiyo.

Anayeulizia njia ya Mlambalasi huelekezwa kwenye kaburi la Mtwa Mkwawa, na kwa haki kabisa. Baada ya majeshi yake kulishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti mwaka 1891, na ngome yake ya Kalenga kuangushwa mwishoni mwa Oktoba 1894, mtawala huyo wa Wahehe aliendesha vita vya msituni kwa karibu miaka minne, huku kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Julai 19, 1898, alipokuwa amekaribiwa na askari waliomfuatilia, alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi. Suala la fuvu hilo liliingizwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, lakini halikurudi hadi mwaka 1954, lilipoletwa na Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining. Hadi leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, kiasi cha kilometa 15 kutoka Iringa. Kwa hiyo mwili uko Mlambalasi na fuvu liko Kalenga.

Kwa mgeni anayetoka Usangu, ziara hiyo ina uzito wa aina yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Wahehe waliwasukuma Wasangu hata wakaliacha bonde lao na kukimbilia Usafwa, na watawala wa ukoo wa Merere wakaja kushirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa kabla ya kurudi kwao. Aliyelala Mlambalasi alikuwa adui wa babu zao.

Hata hivyo, wageni wengi huishia kwenye kaburi hilo, wakapiga picha na kuondoka bila kujua kwamba mwamba ulio jirani umehifadhi wafu wengine, waliokwisha kuzikwa maelfu ya miaka kabla Uhehe na Usangu havijapata majina.

Mwaka 2002 Dk Paul Msemwa wa Makumbusho ya Taifa alifanya uchimbaji wa majaribio hapo. Mwaka 2006 na tena mwaka 2010, timu iliyoongozwa na Profesa Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, ilichimba kwa mapana zaidi. Mahali kama hapo husomwa kuanzia juu kwenda chini. Tabaka za juu zilitoa vigae vya vyungu na mabaki ya Zama za Chuma. Chini yake vikaonekana vijiwe vidogo vilivyochongwa kwa ustadi, hasa vya kwatzi, pamoja na shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni na makombe ya konokono wakubwa wa nchi kavu. Hizo ni alama za Zama za Mwisho za Mawe. Humo ndimo ilimokutwa mifupa ya binadamu, ya watu wazima na ya mtoto. Mmoja wa watu wazima hao alikuwa wa umbo dogo, na meno yake yalikuwa na maradhi.

Umuhimu wa mifupa hiyo unaeleweka vizuri zaidi kwa kulinganisha na Isimila, ambayo msafiri wa Rujewa huipita kando ya barabara kuu muda mfupi kabla ya kufika Iringa. Isimila ina shoka za mkono za mawe kwa wingi wa kushangaza, za zamani mno kuliko chochote kilichozikwa Mlambalasi, lakini waliozichonga hawakuacha mifupa yao. Mtalii huona kazi asione mfanyakazi. Mlambalasi ni kinyume chake: mtu mwenyewe yupo.

Mwaka 2022 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu sita wa kale kutoka Tanzania, Malawi na Zambia, mmoja wao akiwa wa Mlambalasi. Vinasaba vya kale zaidi kati ya hivyo vilikadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka 18,000, na hivyo kuongeza maradufu umri wa vinasaba vya kale vilivyokuwa vimesomwa Afrika kusini mwa Sahara. Ilibainika kuwa wawindaji hao walikuwa na asili tatu zilizochanganyika: ya Afrika Mashariki, ya kusini na ya misitu ya Afrika ya Kati. Maana yake ni kwamba mababu zao waliwahi kusafiri na kuoana katika eneo kubwa mno, ingawa vizazi vya baadaye vilizidi kuoana na majirani wa karibu.

Hapo ndipo linapozuka swali gumu. Mkwawa ana ukoo, na ukoo wake ulidai fuvu mpaka likarudi. Waliolala chini ya mwamba hawana wa kuwadai. Wakulima na wafugaji wanaoishi maeneo hayo leo walifika baadaye sana, na hakuna kabila linaloweza kusimama na kusema hawa ni wetu.

Ulinzi walio nao ni wa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na masalia ya kale ya binadamu mwenyewe, na inakataza kuchimba bila kibali. Jambo la ajabu kidogo ni kwamba kwa kipimo hicho cha miaka, kijiwe cha kwatzi kinalindwa kwa umri wake tu, wakati kaburi la mwaka 1898 halifikii.

Anayekusudia kwenda asitarajie kuonyeshwa fuvu wala mifupa kwenye kabati la vioo. Ni vyema aanzie Kalenga, aone makumbusho na kuomba maelekezo, na achague miezi ya kiangazi. Afikapo, atazame anapokanyaga. Mteremko ulio mbele ya mwamba una zana za Zama za Kati za Mawe juu ya ardhi, na kwa macho yasiyozoea zinafanana na kokoto. Asiokote hata moja, kwa kuwa jiwe likishaondolewa mahali pake hakuna mtaalamu awezaye tena kusema lilikuwa la tabaka gani wala lilitumiwa na nani.