Kufyeka na Kunyoa: Asili ya Mashine ya Kukatia Majani

Mashine ya kukatia majani ya bustani haikuzaliwa shambani, bali ilitokana na ufundi wa viwanda vya nguo. Katika makala haya mafupi twakusudia kuonyesha jinsi asili hiyo ilivyobadilisha kazi ya mtunza bustani.

Edwin Beard Budding alikuwa fundi karibu na mji wa Stroud, jimbo la Gloucestershire, Uingereza, ambako nguo za sufu zilikuwa zikifumwa. Viwandani humo mlikuwa na mashine ambayo visu vyake vilizunguka katika silinda, vikinyoa vinyweleo vya kitambaa hadi kikawa laini. Budding aliihamishia kanuni hiyo kwenye majani. Uvumbuzi wake ulipata hati ya kuulinda tarehe 31 Agosti 1830, miaka saba kabla ya Malkia Victoria kushika enzi.

Akishirikiana na John Ferrabee, mwenye kiwanda cha kusubu chuma, aliunda mashine iliyokata upana wa inchi 19. Iliposukumwa, rola ya nyuma ilizungusha magurudumu yenye meno, nayo yakazungusha visu. Ilikuwa nzito, hata ikawekewa mpini wa pili mbele ili mtu mwingine asaidie kuivuta. Mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilipata idhini ya kuitengeneza; mwaka 1842 Alexander Shanks wa Arbroath, Scotland, akaleta mashine ya kukokotwa na farasi mdogo.

Kabla ya hapo majani yalikatwa kwa fyekeo refu lenye makali yaliyopinda. Wakataji walianza alfajiri, umande ukingalipo, na usawa wa majani ulitegemea ustadi wa mkono. Mashine iliweza kukata majani makavu, na ustadi ule ukahamia katika chuma. Kilichobaki kwa mtumishi ni nguvu ya kusukuma.

Budding mwenyewe aliandika kwamba waungwana wa mashamba wangeona kazi hiyo kuwa burudani na mazoezi ya afya. Hapana shaka, kwa bwana ilikuwa burudani, kwani aliweza kuiacha achokapo. Mtumishi hakuwa na hiari hiyo.

Kiswahili chatenga kufyeka na kunyoa. Anayefyeka huondoa majani apate njia au shamba. Anayenyoa hutafuta sura. Mashine ya Budding ilinyoa, na sura iliyotafutwa ilikuwa ya bwana.