UZI: Majaji hawakupigiwa kura. Sasa kwa nini tuwalinde?

1/ Kila korti ikitoa uamuzi unaoudhi upande fulani, swali ni lile lile: "Kwani hawa majaji walichaguliwa na nani?" Si swali baya. Nitalijibu kwa historia ya kwetu Garissa na Kaskazini Mashariki, maana huku watu walishaishi bila korti ya kukimbilia.

2/ Mwaka 1966, wakati wa vita vya Shifta, Katiba ilibadilishwa. Rais akapewa uwezo wa kutawala eneo hili kwa kanuni maalum, hata zikipingana na Katiba yenyewe. Ungeweza kukamatwa na kuwekwa ndani bila kibali cha korti. Na mtu akifia kizuizini, ule uchunguzi wa hakimu uliokuwa lazima kwingine Kenya, huku haukuwa lazima.

3/ Vita viliisha 1967, lakini hali ya hatari ikaendelea hadi 1991. Kuchomwa kwa Bulla Kartasi hapa Garissa, Novemba 1980, na mauaji ya Wagalla kule Wajir, Februari 1984, yote yalitokea ndani ya miaka hiyo.

4/ Kuna jambo tunalosahau. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali. Korti zikakatazwa kupokea madai ya fidia kwa yale waliyotenda kwa jina la usalama kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, hapa Kaskazini Mashariki pamoja na Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Hata jaji awe mwadilifu vipi, atafanya nini kama kesi yako haiwezi kumfikia?

5/ Mwaka 1988 zamu ikafika kwa majaji wenyewe. Bunge liliwaondolea ulinzi wa kazi, Rais akaweza kuwafuta. Kelele zikapigwa, ulinzi ukarudishwa 1990.

6/ Ndiyo maana Katiba ya 2010 ilifunga pande zote mbili:
• Kifungu 160: korti haipokei amri ya mtu, na mshahara wa jaji haupunguzwi.
• 167: jaji hukaa kazini hadi miaka 70.
• 168: kumwondoa ni lazima kupitia Tume ya Huduma za Mahakama na jopo la uchunguzi.
• 22: yeyote anaweza kwenda kortini haki ikivunjwa, hata kwa niaba ya mwingine.

7/ Je, ilifanya kazi? Mei 2016 serikali ilitangaza itafunga kambi za Dadaab, hapa hapa Garissa, kwa sababu za usalama. Miaka 50 baadaye, neno ni lile lile. Safari hii Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Kituo cha Sheria wakaenda kortini. Tarehe 9 Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo ni kinyume cha Katiba, na ni ubaguzi dhidi ya wakimbizi Wasomali. Jaji aliendelea na kazi yake.

8/ Lakini tusijidanganye, karatasi peke yake haitoshi. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41. Rais wa wakati huo akakaa na orodha, hata baada ya Mahakama Kuu kusema, Februari 2020, kwamba hana hiari. Juni 2021 akateua 34, sita akawaacha nje. Hao walingoja hadi Septemba 2022. Hakuna aliyefutwa, lakini kila jaji anayeota kupanda cheo aliona.

9/ Kwa hivyo jibu langu: ndiyo, hawakupigiwa kura, na ni sawa. Wale waliopigiwa kura ndio waliopitisha sheria ya 1970. Kosoa uamuzi, kata rufaa, hiyo ni haki yako. Lakini mwanasiasa yeyote, hata yule unayemshabikia, akisema kuna mahali au kuna watu ambao korti isiwaguse "kwa sababu ya usalama", muulize: basi hao wakionewa, waende wapi?