Ndizi Zilipewa Sifa ya Bure

Kuna mtoto mmoja wa London, karne ya 19, aliyelishwa kome wa Uholanzi kila siku, zaidi ya lita moja, na akanawiri. Msimu wa kome ulipoisha, mtoto akarudi pale pale pa tumbo kuvimba na kuhara. Msimu uliofuata ulipofika, alikataa kabisa kuwatia mdomoni. Nani angemlaumu? Habari zake ziliandikwa na daktari Samuel Gee mwaka wa 1888, katika maelezo yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kisasa kuhusu ugonjwa wa seliaki. Jina lenyewe ni la zamani zaidi, linatokana na neno la Kigiriki la tumbo.

Gee alisema wazi kwamba mgonjwa akipona, atapona kwa chakula. Hapo alikuwa sawa kabisa. Shida ni orodha yake: alikataza wali na wanga wa mahindi, kisha akaruhusu mkate, bora tu ukatwe mwembamba na uchomwe vizuri pande zote mbili. Yaani mlango umefungwa kwa kufuli, dirisha liko wazi, na mwizi tayari yuko sebuleni.

Mwizi huyo leo tunamjua. Anaitwa gluteni, protini iliyo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya nchi za baridi inayoitwa rai. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Kwa mtu mwenye seliaki, gluteni ikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili inaanza kuushambulia utumbo wenyewe. Ile mikunjo midogo kama vidole inayofyonza chakula inalala chini. Mtu anakula, anashiba, na mwili wake unabaki na njaa. Wengine wanaharisha, wengine wanapungukiwa damu tu na kuchoka miaka na miaka. Dawa haipo. Kilichopo ni kuacha, kuacha kabisa, maisha yote.

Kufika hapo kulichukua muda, na katikati zikaingia ndizi. Mwaka wa 1924, daktari Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba watoto wenye seliaki wanapona wakilishwa ndizi. Na kweli walipona! Ndizi zikawa dawa, zikatawala matibabu kwa miongo kadhaa. Lakini angalia sahani vizuri: Haas alipoweka ndizi, aliondoa mkate. Ndizi hazikuponya mtu, zilikaa tu mahali pa ngano. Watoto waliodhaniwa wamepona waliruhusiwa kurudia chakula cha kawaida, na mwili ukaanza kuumia upya, mara nyingi kimya kimya. Hii ndiyo sehemu inayoniuma katika historia hii yote. Matibabu yalifanya kazi, maelezo yake yakawa ya uongo, na maelezo ya uongo yakawarudisha watu kwenye sumu.

Aliyeiona ngano ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto huko The Hague, Uholanzi. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1930 mama mmoja alimwambia hali ya mtoto wake huwa nafuu akiacha mkate. Jina la mama huyo halitajwi popote kwenye simulizi, kama kawaida ya historia na akina mama. Dicke alisikiliza. Mwaka wa 1941 alikuwa ameshaandika kuhusu lishe isiyo na ngano.

Kisha vita. Mwishoni mwa 1944 Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Watu walikula viazisukari vya mifugo na vitunguu vya maua ya tulipu. Takriban watu 20,000 walikufa katika majira yale ya baridi. Mkate ulipoadimika, Dicke aliona watoto wake wa seliaki hawazidiwi kama wenzao. Mapema 1945 unga kutoka Sweden ukaingia, mikate myeupe ikaokwa, mji mzima ukalia kwa furaha. Simulizi za tiba zinasema watoto wale ndio mkate uliwarudisha kitandani. Watu hupenda kusimulia kana kwamba njaa ndiyo iliyomfumbua macho Dicke, lakini yeye alishaanza kumshuku ngano kabla. Njaa ilikuja kama ushahidi ambao hakuna daktari mwenye utu angethubutu kuuagiza.

Baada ya vita aliungana na Weijers na van de Kamer, huyu wa mwisho akiwa mtaalamu aliyebuni njia ya kupima mafuta kwenye choo. Kazi chafu, lakini ndiyo iliyomaliza ubishi: mtoto akila ngano, mafuta yanapita bila kufyonzwa, akiacha, yanapungua. Tasnifu ya Dicke ikatoka Utrecht mwaka wa 1950. Muda si muda wakaonyesha kwamba wanga wa ngano peke yake haudhuru. Tatizo ni gluteni.

Tangu hapo swali likabadilika kutoka "tule nini" hadi "kiasi gani ni salama". Mwaka wa 2008, Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kiliweka mpaka: miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja ya chakula. Maneno "haina gluteni" kwenye pakiti yanasimama juu ya namba hiyo, si juu ya hisia za mwenye duka.

Na tafadhali tusiuite ugonjwa wa wazungu. Mwaka wa 1999 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi kambini Algeria: asilimia 5.6 walikuwa na seliaki, kiwango cha juu sana. Mababu zao waliishi kwa maziwa na nyama ya ngamia. Ngano iliwafikia kwa wingi kupitia ukoloni, kisha kupitia misaada.

Kwetu pia ngano ya mashamba makubwa ina mkono wa mkoloni. Lord Delamere aliipanda Njoro, kutu ya ngano ikamla hasara, hakukoma. Mwaka wa 1908 ikaanzishwa kampuni ya Unga. Leo jaribu kukataa chapati Krismasi mbele ya shangazi. Utaulizwa kama umeokoka upya au unajidai.

Habari njema ni kwamba jikoni kwetu kuna salama nyingi: ugali, wali, githeri, mukimo, mihogo, nduma, wimbi, mtama. Hatari iko pembeni. Soseji hujazwa unga wa ngano. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano. Bia ni shayiri, na neno "malti" kwenye lebo kwa kawaida ni shayiri pia. Chipsi ni viazi, sawa, lakini mafuta yale yamekaanga sambusa na mandazi tangu asubuhi. Kisiagi cha mtaani kinasaga ngano ya jirani, kisha wimbi lako; afadhali usage nyumbani. Unga wa uji uliochanganywa, soma kila neno. Chapati ya atta? Atta ni ngano hiyo hiyo, imevaa koti la kahawia.

Na kama unashuku tumbo lako, usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta alama za kinga inayopigana na gluteni. Ukiacha kula, vita vinapoa, alama zinapungua, na karatasi inaweza kukuambia huna kitu wakati unacho.