Paka wa Nyumba Haingwa

Wahenga walisema, "Paka wa nyumba haingwa." Kuinga ni kufukuza, kama wakulima waingavyo ndege shambani. Methali hii twaifundisha mara nyingi, lakini ni nadra kuitazama historia iliyo nyuma yake.

Ng'ombe na mbuzi walikamatwa wakatiwa zizini. Paka alikuja mwenyewe. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuweka akiba ya nafaka, panya waliifuata nafaka, na paka-mwitu wakawafuata panya. Mkulima alipoiona faida, hakuwainga. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kaburi la kisiwani Cyprus, lenye umri wa miaka ipatayo 9,500, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu.

Wamisri wa kale walimtukuza zaidi. Mungu wao wa kike Bastet alionyeshwa mwenye kichwa cha paka, na Herodotus aliandika kwamba paka afapo, wenye nyumba hunyoa nyusi zao. Hata hivyo, heshima ya wanadamu haidumu. Mwaka 1890 maiti za paka zipatazo 180,000, ambazo Wamisri hao walizikausha na kuzivika sanda, zilifikishwa Liverpool, Uingereza, zikauzwa ili zisagwe ziwe mbolea.

Basi tumwonapo mwanafunzi akimrushia paka jiwe, tumweleze maana kamili ya methali hii. Mapatano ya paka na mwenye ghala ni ya kale kuliko maandishi yenyewe tunayoyafundisha. Paka angali akiyatimiza kila usiku, nasi yatupasa kuyatimiza mchana.