Chombo Kimoja kwa Kompyuta Nyingi

Zamani kompyuta zilikuwa kama mataifa yasiyosikilizana lugha. Programu iliyotungwa kwa ajili ya Unix haikufahamika kwa Macintosh, wala ya Macintosh haikufahamika kwa Windows. Mtungaji aliyetaka kazi yake itumike na watu wote hakuwa na budi kuitunga mara tatu, na kosa likionekana alilisahihisha mara tatu.

Mwaka 1990 taabu hiyo iliwapata vijana wawili wa Norway, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng. Walikuwa katika mji wa Trondheim wakitunga programu ya kuhifadhi picha za miili ya wagonjwa, zile zipigwazo kwa mawimbi ya sauti, nayo ilitakiwa ifanye kazi katika kompyuta za namna zote tatu. Siku moja ya jua walitoka nje, wakaketi juu ya benchi, wakaizungumza shida yao. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la chombo cha kusimama baina ya mtungaji na kompyuta: mtungaji aandike mara moja, kisha chombo chenyewe kichore vitufe na madirisha kwa desturi ya kila kompyuta.

Mwaka 1992 Chambe-Eng alibuni jambo ambalo kwa maoni yangu ni bora kuliko yote. Kitufe kikibonyezwa hakihitaji kujua ni sehemu gani ya programu itakayotenda kazi. Hutoa ishara tu, kama mpiga mbiu asiyejua nani anamsikiliza, na sehemu iliyoandaliwa kuisikia ishara hiyo huitika. Mwaka 1994 waliunda kampuni, iliyokuja kuitwa Trolltech, na mwezi wa Mei 1995 wakakitoa chombo hadharani. Walikiita Qt, kwa kuwa umbo la herufi Q lilimpendeza Nord machoni. Majina makubwa huweza kuwa na asili ndogo!

Walakini, aliyeokoka na utumwa wa kompyuta tatu alijikuta chini ya bwana wa chombo. Mwaka 1996 Mjerumani Matthias Ettrich alianzisha KDE, kazi ya kuwapa watumiaji wa Linux na Unix sura nzuri ya kompyuta bila malipo, akachagua Qt. Watu wengi walihamaki. Waliuliza: jengo la umma lawezaje kusimama juu ya kiwanja cha mtu binafsi, ambaye kesho aweza kubadili masharti? Leseni ya wakati ule iliruhusu maandishi ya Qt yasomwe, lakini haikumruhusu mtu kuyabadili na kuyagawa. Mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wa Mexico, wakaanzisha GNOME, jengo jingine lisilotegemea Qt. Sidhani kwamba wasiwasi wao ulikuwa bure.

Trolltech ilisikia. Mwaka 1998 ilifunga mkataba na KDE kwamba kampuni ikiacha kutoa Qt ya bure, chombo kitaweza kutolewa kwa umma kwa masharti mepesi. Mwaka 2000 ikakitoa, kwa ajili ya Linux na Unix, chini ya leseni ya GPL, impayo kila mtu haki ya kukibadili na kukigawa.

Faida ya mkataba ilionekana baadaye. Nokia iliinunua Trolltech mwaka 2008 kwa ajili ya simu zake, lakini mwaka 2011 ikageukia Windows ya Microsoft, na mwaka 2012 Qt ikauzwa kwa Digia ya Finland. Katika safari hiyo yote mkataba uliendelea kumfunga kila mmiliki. Mwezi wa Desemba 2013 lilitoka toleo la 5.2, na programu iliyotungwa kwa kompyuta ya mezani ikaweza kutengenezwa pia kwa simu za Android na iPhone.