Miongo ya Nairuzi na Khabari za Mvua

Mwaka wa Kiislamu, ambao kwa huo tunafunga na kuhiji, haukuweza kumwongoza mkulima wa pwani katika konde lake, kwa kuwa una siku 354, nao huutangulia mwaka wa jua kwa siku kama 11, hata mtu aliyeifunga Ramadhani utotoni katika joto la kaskazi akaja kuifunga ukubwani katikati ya masika. Kwa hiyo wazee wetu walishika hesabu mbili kwa pamoja: ya mwezi kwa ibada, na ya Nairuzi, iliyotoka Uajemi, kwa jembe na kwa tanga.

Nairuzi ilikuwa na siku 365, zilizogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada mwishoni, na kwa hesabu hiyo walijua mwongo wa kufyeka, wa kupanda mpunga, na ule ambao nahodha aliyekuja kwa kaskazi hana budi kungoja kusi apate kurejea Arabuni. Ahmad bin Majid wa Julfar, aliyeandika ilmu ya bahari katika karne ya 15, naye alizitaja nyakati za kusafiri kwa siku za Nairuzi. Basi mkulima na baharia walisoma mbingu moja kwa hesabu moja, na sijui urithi mwingine wa pwani yetu unaostahili kutunzwa kuliko huu.

Lakini hesabu hii haikuongeza siku kila mwaka wa nne, na kwa hiyo siku ya mwaka, yaani siku ya kwanza ya Nairuzi, hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Katikati ya karne ya 19 iliangukia mwishoni mwa Agosti. Siku hizi watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huoga mwaka katikati ya Julai. Maana yake ni kwamba katika miaka 40 msimu husogea mwongo mzima, na mjukuu apandaye katika mwongo ule ule aliopanda babu yake huwa ametangulia mvua kwa siku kumi. Hapo ndipo ilipodhihiri kazi ya walimu wa falaki, na ya wazee waliolitazama kundi la nyota la Kilimia likizama na kuzuka, kwani nyota ndizo zilizoisahihisha hesabu. Makunduchi, katika siku hiyo ya mwaka, kibanda huchomwa moto, na watu huangalia moshi unaelekea wapi wapate kujua heri na shari ya mwaka unaoingia.

Ilmu hii ya miongo na nyota ilijua mambo yanayorudi. Yale yasiyorudi haikuwa na mwongo wake. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga, ambacho ni nadra mno kufika karibu hivyo na ikweta, kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi kwa maelfu, na kuzamisha majahazi na merikebu za Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash, bandarini. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu. Hapakuwa na njia ya kupata khabari kabla, maana waya wa simu kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi, ilianzishwa mwaka 1929. Ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kila nchi ikabaki na idara yake, ilhali upepo na mvua havikujua mipaka hiyo.

Lakini mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kingali baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilikwisha kutangaza njia yake siku kadhaa mbele, wavuvi wakaambiwa wasitoke, na boti za abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja zikazuiwa.